Mazutu ya mafuta ya mikate: shajara ya mradi wetu wa Katuba

9 Machi

Leo tumekubaliana kuanza. Tuko watatu: mimi mwalimu wa kemia, yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, mwenye kinu cha kusaga mahindi hapa Katuba, Lubumbashi, na mpwa wangu ambaye kwa injini anatushinda sote wawili. Tunataka mafuta yaliyokwisha kukaangia mikate yageuzwe kuwa mazutu, yaani dizeli, ya kuendeshea injini ya kinu siku umeme unapokatika. Siku hizo ni nyingi. Umeme ukienda, akina mama wenye mabeseni ya mahindi hawaondoki kwenye foleni, maana bukari (ugali) ya jioni haingoji. Injini huwashwa, na moshi wake mweusi huingia moja kwa moja kwenye ua wa jirani, penye meza ambayo watoto huandikia kazi za shule. Nilikwenda nikaipitisha kidole meza ile. Kidole kilirudi cheusi.

Hatua ishirini kutoka hapo, mama wa mikate humwaga mafuta yake ya zamani mferejini kila Ijumaa, kwa sababu yamekuwa meusi na yanaharibu ladha. Nimelala na mambo hayo mawili kichwani wiki nzima.

15 Machi

Tumezunguka mtaa kwa mtaa. Wauzaji kumi na mmoja wa mikate, samaki na viazi wamekubali kututunzia mafuta. Kila mmoja amepewa bidoni ya lita tano yenye kifuniko. Mama mmoja aliuliza atapata nini. Tukamwahidi sabuni, mambo yakienda vizuri. Kwa hesabu ya mwanzo tutakusanya kama lita thelathini kwa wiki.

Mengi ni mafuta ya mawese yaliyosafishwa. Yamejaa makombo ya unga na magamba ya samaki. Tunayachuja mara mbili kwa kitambaa cha pamba.

23 Machi

Lita ya kwanza, kwenye chupa.

Kwa wanaotaka kujua kinachofanyika: mafuta ya kula ni molekuli nzito, kila moja ina mikia mitatu mirefu iliyoshikwa pamoja na kichwa kimoja cha gliserini. Uzito huo ndio unaofanya mafuta mabichi yaache utando mgumu kwenye injini. Ukichanganya mafuta na methanoli, aina ya alkoholi, na soda kali kidogo ya kuchochea, mikia inaachana na gliserini na kila mkia unashikana na methanoli. Unapata kimiminika chepesi cha rangi ya asali, kinachowaka karibu sawa na mazutu, na gliserini inazama chini kwa uzito wake.

Shida ya mafuta yaliyokaangiwa ni kwamba yamechacha. Asidi iliyomo hula soda kabla soda haijafanya kazi yake, kwa hiyo lazima upime kwanza. Tulichukua mililita moja ya mafuta, tukaiyeyusha katika mililita kumi za alkoholi ya isopropili, tukadondoshea maji yenye gramu moja ya soda kwa lita. Kiashirio cha maabara hatuna. Tulitumia manjano, ile ya kupikia, ambayo hugeuka kuwa nyekundu asidi inapokwisha. Mpwa wangu hakuamini mpaka alipoona rangi ikibadilika mbele ya macho yake. Zilikwenda mililita 2.2. Maana yake, juu ya gramu 3.5 za soda ambazo kila lita ya mafuta safi inahitaji, tuongeze 2.2, jumla 5.7.

Methanoli mililita 200, soda ikayeyushwa humo, mafuta yakapashwa hadi nyuzi 55 (methanoli yenyewe huchemka kabla ya kufika 65, kwa hiyo usiende juu), tukatikisa, tukaacha. Kazi hii tunaifanya nje, tukiwa na glavu na miwani. Methanoli hupofusha na kuua, mvuke wake ni hatari, na moto wake mchana karibu hauonekani. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kuingia uani siku ya kazi, na hilo sitalilegeza kwa ajili ya mtu yeyote.

24 Machi

Asubuhi chupa ilikuwa imegawanyika: juu dhahabu, chini kahawia nzito. Yaya aliishika juani kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akasema, “Hii ilikuwa inakwenda mferejini.”

6 Aprili

Lita ishirini, na zote zimeharibika. Badala ya tabaka mbili tulipata uji mweupe, pipa zima. Kosa ni langu. Kulikuwa na maji ndani ya mafuta, kwa sababu bidoni mbili zilikuwa zimekaa mvuani bila vifuniko, nami nilipima asidi nikasahau maji. Mafuta, soda na maji ni sabuni. Kila mama wa mtaa huu anajua hilo bila kwenda shule. Tangu leo mafuta yote yatapashwa moto kwanza mpaka yaache kutoa vipovu na sauti ya kuchirizika, ndipo yapoe na kupimwa.

20 Aprili

Methanoli ni ghali na inabidi kuitafuta kwa wauza kemikali. Kijana mmoja wa jirani akauliza: kwa nini tusitumie lutuku? Swali ni la haki. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, ni ethanoli, ethanoli nayo inaweza kufanya kazi ya methanoli, tena inatoka kwenye mahindi na mihogo ya hapa hapa. Tulijaribu nusu lita ya lutuku kali, ile inayoshika moto ukiisogezea kiberiti. Tukapata ule uji tena. Hata ukiichemsha lutuku na kukusanya mvuke wake mara nyingi namna gani, njia hiyo peke yake haiwezi kuipandisha juu ya asilimia 96 hivi, na hayo maji yanayobaki yanatosha kuharibu kila kitu. Kuyaondoa kunataka chokaa kavu au vifaa vingine ambavyo hatuna.

Lakini nimefurahi kuwaeleza vijana kwamba wazo lao lina historia. Tarehe 31 Agosti 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipewa hataza ya Ubelgiji namba 422,877 kwa njia ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini, na kazi yake ilikuwa juu ya mawese na ethanoli. Mwaka uliofuata, 1938, basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo ya mawese. Ni miaka ile Ubelgiji ilipokuwa inaitawala Kongo, na mawese ya Kongo yalikuwa moja ya mali zake kubwa. Kwa hiyo mtu akituambia hapa Katuba kwamba hii ni teknolojia ya kigeni iliyotufikia juzi, tuna jibu la kumpa.

4 Mei

Mafuta yetu yameingia kwenye injini. Sehemu moja ya mafuta ya mikate kwa nne za mazutu, yaani asilimia ishirini. Injini iliwaka mara ya pili tu ilipozungushwa, ikasaga mahindi saa tatu bila kusita. Harufu imebadilika: watu waliokaa kwenye foleni walisema wanasikia samaki wa kukaanga. Mama mmoja alisema sasa ananjaa mara mbili.

9 Mei

Injini ilizimika katikati ya kazi, kisha ikakataa kuwaka. Mpwa alifungua chujio la mafuta akalikuta limejaa tope jeusi. Nilidhani ni mafuta yetu yameoza. Kumbe mafuta haya yana tabia ya kuyeyusha uchafu. Uchafu ambao mazutu ilikuwa imeubandika ndani ya tangi kwa miaka yote umebanduka na kukimbilia kwenye chujio. Tumeosha tangi, tumeweka chujio jipya, na mpwa amebadilisha mpira mmoja wa kupitishia mafuta ambao ulikuwa umeanza kulainika.

Na jambo lingine, kubwa kuliko hilo. Alipokuwa ameifungua injini alitoa pua inayonyunyizia mafuta, akaisafisha, akapiga vumbi chujio la hewa lililokuwa limeziba kabisa kwa unga. Tulipowasha, tena kwa mazutu tupu, moshi ulikuwa umepungua sana. Ninaandika hili wazi kwa sababu mradi wetu ungeweza kujipatia sifa isiyo yake: hadi leo, kilichopunguza moshi zaidi ya kitu kingine chochote hapa ni kusafisha injini.

18 Mei

Jumapili. Mpwa wangu ana wazo: turefushe bomba la moshi lipande juu ya paa, ili watoto wa jirani wapumue. Tulikuwa tunalizungumza nyumbani, na kambo, yaani babu mzaa mama, alikuwepo. Alifanya kazi miaka mingi kwenye tanuru la shaba. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Hata mnara ule ulijengwa mrefu ili moshi uende mbali. Ukaenda.”

Anayeishi Lubumbashi hahitaji kuambiwa ni mnara gani: ni ule wa moshi wa tanuru la shaba. Shaba ya kwanza ilimiminwa hapa mwaka 1911, mji ukiwa na umri wa mwaka mmoja, na mnara pamoja na mlima mweusi wa taka za tanuru ndiyo alama tunayoichora tukitaka kuonyesha kwetu. Mawe mengi yaliyoyeyushwa, hasa yale ya mgodi wa Kipushi, yalikuwa na salfa ndani. Ukiyaunguza, salfa inakuwa gesi. Kambo anasema upepo ulipogeuka, watu waliziba pua kwa vitambaa na koo liliwasha kama umelamba pilipili, na kwenye bustani majani ya maharage yalitoka madoa meupe kati ya mishipa. Nimefundisha sura hiyo darasani kwa miaka. Dioksidi ya salfa inaingia kupitia vitundu vya jani, inaua tishu kati ya mishipa. Sikujua kwamba kambo alikuwa ameiona.

Pepo za hapa kwa sehemu kubwa zinatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulikuwa unalala kaskazini-magharibi, mwaka baada ya mwaka. Gesi ikikutana na unyevu wa mawingu inakuwa asidi ya salfa, na mvua inaishusha. Pamoja nayo ilikuwa inashuka vumbi la shaba, zinki, risasi, kadimi na kobalti. Hivi viwili vikikutana ardhini vinasaidiana kuua: asidi inaosha kalisi na magnesi ambazo mimea inazitaka, na wakati huo huo inaziyeyusha metali zilizokuwa zimetulia, mizizi inazinywa. Wadudu na vijidudu vya udongo vinapungua, majani makavu hayaozi, udongo unabaki uchi, mvua inauchukua. Ukienda upande wa Penga Penga utaona palivyo: mahali ambapo miombo ilisimama, pana vipara vya udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuotesha huko nyasi zinazovumilia shaba, za jamii ya Microchloa, wakichanganya udongo na chokaa na mboji. Chokaa inapunguza uchachu, mboji inaishika shaba isinywewe. Nyasi zinaota. Miti ni hadithi nyingine.

Na metali hazibaki ardhini. Mwaka 2009 wanasayansi wa Lubumbashi wakishirikiana na wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Wale wanaoishi karibu na migodi na mitambo ya madini walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita wanaoishi mbali, na watoto walikuwa juu ya watu wazima. Tangu niliposoma hilo, ninaosha lengalenga (mchicha) mara tatu.

Bomba hatujalirefusha. Yaya anasema tungoje.

1 Juni

Jaribio la kitambaa. Tumekata vitambaa vyeupe vya ukubwa mmoja, tukakishika kila kimoja umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye bomba kwa dakika kumi, injini ikiwa na mzigo uleule wa mahindi. Mazutu tupu: duara jeusi. Asilimia ishirini ya mafuta ya mikate: duara jeusi, labda hafifu kidogo, na nisingependa kubishana na mtu atakayesema ni sawa. Asilimia hamsini: kijivu, tofauti inaonekana kutoka mlangoni.

Hii inakubaliana na yaliyopimwa kwa vyombo vya kweli. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilikusanya vipimo vingi mwaka 2002: kwa mchanganyiko wa asilimia ishirini, masizi hupungua kama asilimia kumi, kwa mafuta haya matupu, hupungua karibu nusu, na gesi ya kaboni monoksidi pia karibu nusu. Salfa karibu haimo kabisa, na kwa mtu wa Lubumbashi hilo lina uzito wake. Ila ripoti hiyohiyo inasema oksidi za nitrojeni hupanda kama asilimia kumi ukitumia mafuta haya matupu. Gesi hizo zikikaa juani pamoja na mvuke wa mafuta mengine zinatengeneza ozoni ya chini, ile inayochoma majani ya maharage na kupunguza mavuno. Injini moja ya kinu haitaharibu shamba la mtu. Lakini siwezi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba tumepata moto usio na moshi.

21 Juni

Asubuhi ya leo nyuzi nane. Watu wanatembea na makoti. Mpwa alinipigia simu saa kumi na mbili: “Mjomba, mafuta yamekuwa siagi.”

Nilikwenda. Bidoni nzima ya mafuta matupu imeganda, rangi ya maziwa. Mchanganyiko uliokuwa ndani ya tangi ulikuwa na mawingu, na chujio limezibwa na nta. Kinu hakikusaga mpaka saa tano, jua lilipopanda, na foleni ilifika barabarani. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki.

Nilipaswa kulitarajia hili tangu Machi. Mawese ni karibu nusu asidi ya palmitiki. Ikishageuzwa, mkia wake unaganda kwenye nyuzi 30. Sehemu kubwa inayobaki ni ya asidi ya oleiki, ambayo haigandi mpaka nyuzi ishirini chini ya sifuri. Zikichanganyika, zile za oleiki zinazizuia zile za palmitiki zisigande mapema, lakini inapofika chini ya nyuzi 15 hivi hazina nguvu tena. Kinshasa huenda wasingeliona tatizo hili mwaka mzima. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,200, na Juni na Julai za hapa hazina huruma.

28 Juni

Tumejaribu: asilimia kumi tu wakati wa baridi. Bidoni zinalala ndani ya kinu, karibu na injini, zimefunikwa magunia. Na tumefanya kama wafanyavyo wenye viwanda vya mawese: tunaacha mafuta yetu yagande nusu usiku, asubuhi tunachuja. Kinachopita kwenye kitambaa ni kile kinachovumilia baridi. Kinachobaki juu ya kitambaa tunakiweka hadi Septemba.

Inafanya kazi. Ni ya polepole, lakini inafanya kazi.

5 Julai

Tumebadilisha soda kali kwa potasi kali. Inahitaji uzito zaidi, mara 1.4, na bei iko juu. Sababu ni maji. Kila lita ya mafuta yetu huoshwa kwa maji ili kuondoa sabuni na methanoli iliyobaki, na kwa miezi mitatu nimekuwa nikiuliza yale maji yanakwenda wapi. Yalikuwa yanakwenda kwenye shimo nyuma ya kinu. Sodiamu inaharibu udongo; potasi ni chakula cha mimea. Sasa tunayaacha maji wazi juani, mbali na watu, methanoli iondoke, tunapunguza ukali wake kwa siki, kisha tunayamwaga kwenye migomba. Ningeona aibu kuondoa mafuta mferejini kisha niingize soda.

19 Julai

Anga lina rangi ya vumbi. Nyasi zinachomwa pande zote za mji, jioni jua linashuka jekundu na huwezi kulitazama bila macho kuwasha.

Mama wa mikate alikuja na swali ambalo limenikosesha usingizi. Amesikia kwamba gliserini yetu inawaka. Je, anaweza kuimwagia makala (makaa ya kuni) kwenye mbabula (jiko lake), ili gunia limfikishe mbali? Nilimkatalia palepale, nikamweleza: gliserini ikiungua kwa moto mdogo inatoa akrolini, sumu inayochoma macho na mapafu, na hii yetu ina methanoli ndani. Amekubali. Halafu akasema, bila ubaya wowote: “Mwalimu, nyie mnapigana na moshi wa kinu. Mimi nakaa juu ya moshi wangu toka saa kumi ya alfajiri.”

Ni kweli. Nimekaa naye asubuhi moja, tangu kuwasha hadi mikate ya mwisho. Makala hayatoi moshi mweusi, ndiyo maana tunayaona masafi, lakini yanatoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kilinigonga ifikapo saa moja. Yeye kichwa chake kimezoea. Na makala yenyewe yanakuja kwa baiskeli na malori kutoka barabara ya Kasenga, ya Likasi, ya Kasumbalesa, kila mwaka kutoka mbali zaidi, kwa sababu miombo ya karibu imekwisha. Tanuru la udongo linakula kuni kilo kumi na kukurudishia kilo moja au mbili za makala. Zilizobaki zimekuwa joto na moshi porini. Miti ile ndiyo inayotupa viwavi na uyoga na asali.

Sina jibu la mbabula yake. Kwa sasa tumemtengenezea kibanda kipya kilicho wazi pande tatu, na mpwa amemchomea mbabula yenye udongo ndani, inayoshika joto. Anasema gunia linakaa siku mbili zaidi.

2 Agosti

Sabuni ya kwanza ya gliserini. Tuliipasha kwanza ili methanoli itoke, tukaongeza potasi na mafuta. Ni laini, ya kahawia, inafaa kufulia na kuosha vyombo. Mitungi kumi na moja imekwenda kwa wauzaji wetu kumi na mmoja. Tumelipa deni la Machi.

16 Agosti

Mfanyabiashara mmoja amekuja na gari lake. Amesikia, ameona, anataka tukuze: atatuletea mawese mabichi kwa mapipa, sisi tutengeneze lita elfu kwa wiki, auzie wenye jenereta wa mjini. Alikuwa na adabu na fedha zake zilikuwa za kweli. Yaya alinyamaza muda mrefu, na najua kwa nini. Anasomesha watoto watano.

Nilimwomba siku mbili, nikafanya hesabu kwenye ubao wa darasa. Mawese mabichi ni chakula. Tukiyanunua kwa mapipa, bei inapanda kwa yule anayepikia sombe (kisamvu). Mtu akiona bei imepanda, anakata msitu apande michikichi, na kaboni iliyokuwa kwenye msitu ule inatoka kwanza, miaka mingi kabla mafuta hayajailipa. Na methanoli tunayotumia karibu yote duniani inatengenezwa kwa gesi ya ardhini au makaa ya mawe: katika kila molekuli ya mafuta yetu, kaboni moja kati ya kumi na saba au kumi na tisa haitoki kwenye mmea. Kwa mafuta yaliyokuwa yanakwenda mferejini, hesabu inakubali bado, tena vizuri. Kwa mafuta yaliyokuwa yanakwenda sufuriani, inakataa.

Akapendekeza mbono kaburi (jatrofa) basi, ule wa uzio, ambao hauliwi. Niliukumbuka vizuri msisimko wa miaka ile ambapo Afrika Mashariki yote iliambiwa mbono utaota jangwani na kuleta utajiri. Uliota, kweli. Kuzaa ni jambo lingine. Uliopandwa kwenye ardhi mbaya ulitoa mbegu chache, na wakulima wengi waliung'oa. Ukitaka uzae, unataka maji na mbolea kama zao lolote, yaani unataka shamba la mahindi.

Yaya ndiye aliyemjibu, si mimi. Alisema kinu chake kitaendelea na mafuta ya mikate. Nilimshukuru baadaye tukiwa wawili.

13 Septemba

Joto limerudi. Tumepandisha hadi asilimia hamsini. Ile nta tuliyoichuja Juni imeyeyuka yenyewe kwenye bidoni na imeingia tangini. Kwa wiki kinu kinatumia kama lita thelathini na saba siku za kukatika umeme. Lita kumi na nane hivi ni zetu. Kutoka kwenye mafuta tunayokusanya tunapata lita ishirini na nne zilizo safi, kwa hiyo akiba inakua kidogo kidogo kwa ajili ya wiki mbaya. Nguvu imepungua kidogo, mpwa anaisikia kwenye sauti, mahindi hayaisikii.

Kila pipa sasa linapita mtihani kabla ya kutumika: mililita tatu za mafuta yetu ndani ya mililita ishirini na saba za methanoli. Yakiyeyuka yote, yamegeuka vizuri. Kikibaki kitu chini, tunarudia kazi. Mapipa mawili yamekataliwa tangu Julai.

4 Oktoba

Kuhusu bomba. Tumeamua lisirefushwe kwenda juu. Tumeligeuza upande wa barabara, mbali na ua wa watoto, na mpwa ameweka ratiba ukutani: chujio la hewa kila Jumatatu, pua ya mafuta kila baada ya miezi miwili. Ratiba hiyo ina sahihi ya yaya.

Meza ya jirani nimeipitisha kidole leo. Bado kuna vumbi, na Oktoba hii, kabla ya mvua, vumbi halikosekani popote Katuba. Lakini ni jekundu, la barabarani. Nimechukua kitambaa cheupe kingine, nimekitundika juu ya meza kwa mwezi mzima, na nitakilinganisha na kile cha Machi ambacho mwenye nyumba alikuwa amekiweka bila kujua, pazia lake la jikoni.

Wauzaji wawili wapya wameomba bidoni. Kambo anataka chupa moja ya mafuta yaliyo wazi kabisa, aiweke dirishani. Jumamosi tunakusanya, vifuniko vyote vimehesabiwa, maana mawingu yameanza kujikusanya upande wa Kipushi.